Eti Udongo Hausemi?

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wenzangu mnaotuma hadithi kwenye kurasa hizi, leo sikuleta hadithi. Nimeleta ugomvi. Ugomvi wenyewe ni juu ya sitiari moja tu, ile ya mfinyanzi na udongo, ambayo naamini inatumiwa vibaya sana makanisani, misibani na, samahani sana, humu humu katika hadithi zetu. Mimi si mchungaji wala sikusoma chuo cha Biblia. Niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyazungumze. Lakini Kiswahili nilifaulu, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba sitiari ni lazima uihoji: nini kinafananishwa na nini, kwa sababu gani, na kufanana huko kunaishia wapi. Basi leo nahoji.

Nianze na msiba. Mwaka juzi kule Kibondo tulimzika dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Uchungu ulimwanza jioni. Mahali alipopelekwa kwanza, ambapo sipataji, wakasema kesi yake ni kubwa, apelekwe mbele, ila gari lipo na mafuta hakuna. Watu wakachangishana. Mafuta yakatafutwa kwa wauza petroli wa chupa, mmoja akaamshwa, mwingine akagoma kufungua. Gari lilipoondoka ilikuwa imeshapita saa nane usiku. Alifia njiani, na mtoto tumboni.

Kaburini mhubiri alifungua Yeremia sura ya 18. Akasema sisi ni udongo, Mungu ni mfinyanzi, na tangu lini chungu kikamwuliza mfinyanzi mbona umenivunja? Kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia Amina. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mama mkubwa, nikamwona amefungua mdomo anataka kusema kitu. Kisha akaufunga.

Mdomo ule uliofungwa ndio unaoniandikisha haya.

Usiku ule sikulala. Nilichukua Biblia ya mama, ile Union Version ambayo Kiswahili chake cha mwaka 1952 bado kinatushinda wengi, nikaisoma sura nzima badala ya ile mistari miwili mitatu ya kwenye mazishi. Wapendwa, nilishangaa. Nabii anaambiwa ashuke nyumbani kwa mfinyanzi. Anamkuta kazini. Chombo kinaharibika. Kinaharibikia wapi? Mkononi mwa mfinyanzi mwenyewe, kingali kibichi. Naye anafanya nini? Hakitupi, hakikanyagi. Anaurudia udongo ule ule na kuutengeneza chombo kingine. Basi. Katika sura ya 18 hakuna chungu kilichovunjwa! Kuvunja kuko sura ya 19, ambako Yeremia ananunua gudulia, anakwenda nalo kwenye bonde la mwana wa Hinomu na kulivunja mbele ya wazee. Lile ni gudulia lililokwisha kupita motoni, ndiyo maana likivunjika halitengenezeki tena. Hizi ni picha mbili, na tofauti yake ni moto. Mhubiri wetu alichukua udongo wa sura ya 18 akaupiga kwa nyundo ya sura ya 19. Mwanafunzi wa fasihi akifanya hivyo kwenye mtihani anakatwa maksi.

Hebu twende mbele kidogo, kwenye mistari ambayo kaburini haikusomwa kabisa. Mungu anasema akitangaza kuling'oa taifa, na taifa lile likaacha uovu wake, yeye ataghairi. Akitangaza kulijenga, nalo likaharibika, ataghairi vile vile. Yaani mfano wote ule umeletwa ili kusema kwamba neno halijafungwa, udongo bado una maji. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, na Yeremia angewaelewa. Halafu mstari wa 12 ndio ulioniinua kitandani. Watu wanamjibu nabii kwamba hakuna matumaini, wacha tuendelee na mashauri yetu. Kwa lugha ya mtaani: imeshakuwa, tufanyeje. Na hao ndio wanaokemewa! Wale waliokunja mikono na kusema imeshakuwa ndio wabaya wa sura hii, na sisi tunaisoma sura hii kaburini ili watu wakunje mikono.

Jambo jingine dogo lakini zito. Udongo wa Yeremia siyo mtu mmoja mmoja. Ni taifa, pamoja na wafalme na wakubwa wake, miaka michache kabla ya Wababeli kuubomoa mji wa Yerusalemu. Ni hotuba ya siasa, tena ya hatari, maana sura mbili mbele tunamkuta Yeremia amepigwa na kutiwa mkatale. Kwa hiyo kama tunataka kuisoma juu ya jeneza la dada yangu, tuisome vizuri. Udongo unaoambiwa ugeuke haukuwa umelala ndani ya lile jeneza. Ulikuwa umesimama kuzunguka kaburi, na viatu miguuni. Yule mwenye funguo za gari, mimi niliyezoea kusikia kwamba gari halina mafuta nikaona ni kawaida, wewe uliyegoma kufungua dirisha saa saba usiku.

Sasa naomba niwapeleke kwa bibi.

Bibi yangu mzaa mama anafinyanga. Anakaa Kibondo vijijini, na mimi nakaa Kasulu mjini ambako nauza daftari na kutoa fotokopi, kwa hiyo huwa nakwenda kwake mara chache, basi linapita Makere, jirani na njia ya kambi ya Nyarugusu, vumbi mpaka kwenye kope. Baada ya msiba nilikaa naye siku tano. Nilikuwa na daftari langu la riwaya (wenzangu mnalijua, ndilo lile ambalo halimaliziki) na nilikusudia kuandika. Sikuandika kitu. Nilimtazama akifanya kazi, na nikagundua kwamba tangu utoto nilikuwa nikimwona bila kumtazama.

Udongo anauchimba bondeni wakati wa kiangazi. Siyo udongo wowote. Anaukanda kwa mkono, anauonja kwa ulimi, ndiyo, kwa ulimi, anatoa mawe na mizizi. Kisha anauloweka, anaukanyaga, anauacha siku kadhaa ulale. Na kabla ya kuanza kufinyanga anachanganya unga wa magae. Vyungu vilivyovunjika, vyake na vya majirani, anavitwanga mpaka vinakuwa kama chenga, anavitia kwenye udongo mpya ili chungu kivumilie moto. Mkoani kwetu gae halidharauliwi. Hata historia ya chumvi ya Uvinza, inayorudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja, wataalamu waliochimba pale miaka ya 1960 waliisoma kwenye magae ya vyungu.

Yeremia alimkuta mfinyanzi wake kwenye magurudumu. Bibi hana gurudumu. Anaweka kitako cha chungu juu ya gae pana, anapandisha udongo kwa miviringo, mmoja juu ya mwingine, na chungu kikiwa kikubwa hawezi tena kukigeuza, basi anainama na kukizunguka yeye. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mgongo umepinda, anazunguka chungu kinyumenyume huku mkono mmoja uko ndani na mwingine nje. Kwetu sisi mwenye kuzunguka ni mfinyanzi, chungu kimetulia. Sijui kama Mtume Paulo angeliona hilo angeandika barua ile ile.

Siku ya tatu bibi aliliacha donge moja pembeni. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Udongo umekataa."

"Bibi, udongo unaweza kukataa?"

"Wewe mume wangu, shule yote ile na hawakukufundisha? Usipousikiliza hapa, utakusemea motoni."

Na motoni kweli ulisema. Tulichoma vyungu kumi na moja, kwa nyasi na kuni, pale pale uwanjani. Viwili vilipasuka kwa mlio kama bunduki. Nilisubiri bibi avilaani. Wala. Alisema, "Nilifanya haraka, havikukauka vizuri kivulini." Siku zote tano sikumsikia akikilaumu chungu. Na wanunuzi nao ndivyo walivyo: chungu kikivuja, hawaendi kumsema chungu, wanamsema fulani kwamba siku hizi hajui kufinyanga.

Hapo ndipo sitiari inapowageuka wanaoipenda. Ukisema Mungu ni mfinyanzi umempa uwezo wote, sawa, lakini umempa na lawama zote. Mhubiri wetu alitaka nusu ya mfano. Alitaka mkono wa mfinyanzi bila aibu ya mfinyanzi chungu kinapopasuka. Mfano haugawanyiki hivyo. Mimi binafsi siamini kwamba Mungu alimpasua dada yangu, naamini mafuta hayakuwepo. Lakini anayeamini kwamba ni Mungu, basi asiwakataze watu kumwuliza, kwa maana amemfanya kuwa mhusika wa tukio.

Tena tuangalie mfinyanzi mwenyewe ni nani. Tunapohubiriwa tunamwona kama mfalme ameketi. Wazee wa Kiswahili waliomfahamu vizuri walisema mfinyanzi hulia gaeni. Fundi maskini, kucha zimejaa tope, vyombo vizuri ameuza na yeye anakula kwenye kipande. Wakatoliki wanacho kitabu cha Yoshua bin Sira ambacho Biblia ya mama haina. Nilikiazima kwa rafiki. Sura ya 38 inamweleza mfinyanzi akikaa na kuzungusha gurudumu kwa miguu, akiwa na wasiwasi na kazi yake, akikesha kuangalia tanuru. Kisha inasema kwamba bila watu wa namna hii mji haukaliki, ila kwenye baraza hawaitwi. Nilipoisoma nilimwona bibi. Huyo aliyechaguliwa kuwa picha ya Mungu ni mtu asiyeitwa kwenye vikao. Yeremia aliambiwa ashuke kwake. Sisi tumempandisha mpaka hatumfikii.

Na hapa nina la kuongeza juu ya lugha, maana sisi ni watu wa lugha. Kwetu Buha, kama kwa jirani zetu Warundi, kufinyanga chungu ni kubumba. Kiswahili kina kuumba. Ni neno moja hilo, Kiswahili kimedondosha b, kama vile wao wanavyosema kubona na sisi tunasema kuona. Kwa hiyo Mswahili anaposema Muumba, asijue, anasema mfinyanzi. Warundi wana neno kurema kwa kazi ya Mungu na kubumba kwa kazi ya chungu, wametenganisha, sisi tumevichanganya. Waebrania nao wanachanganya: mfinyanzi ni yotser, na kitendo cha Mungu kumfanya mtu kwa mavumbi katika Mwanzo sura ya 2 kimetoka kwenye mzizi huo huo. Nilipomwambia bibi kwamba yeye ni muumba alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nisije nikalisema hilo kanisani.

Sasa nisionekane naficha. Iko mistari inayounyamazisha udongo, na siwezi kuifuta. Isaya anauliza kama kweli kilichofinyangwa kitabishana na aliyekifinyanga, na anamfananisha anayebishana na kigae kati ya vigae. Paulo analichukua hilo katika Warumi 9, anaongeza vyombo vya heshima na visivyo vya heshima kutoka donge moja. Toka hapo imetoka elimu kubwa. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu kutoka pande za Algeria ya leo, aliwaona wanadamu wote kuwa donge moja lililokwisha kuhukumiwa, ambamo Mungu anawatoa anaowataka. Karne ya 16 Calvin kule Geneva akalipeleka mbele zaidi: wengine wamewekewa uzima na wengine maangamizi kabla hawajazaliwa. Mimi siyo saizi ya kubishana na hao. Nasema tu msomaji aangalie nani anaambiwa anyamaze. Katika Isaya 45 wanaonung'unika ni watu walio uhamishoni Babeli, na wanachonung'unikia, kama ninavyoisoma mimi, ni kwamba mkombozi aliyeletwa ni Koreshi, mfalme mgeni. Yaani wanakataa njia ya kurudishwa nyumbani. Na Paulo anashindana na watu walioona mlango umefunguliwa kwa mataifa mengine wakanuna. Ukimfuata mpaka mwisho wa sura ya 11 utamkuta anasema habari za rehema kwa wote. Mara zote mbili aliyekemewa analalamikia wema uliozidi. Hakuna mahali pale ambapo mama aliyefiwa anaambiwa funga mdomo.

Hili nalisema nikiwakumbuka majirani zetu. Watu walikimbia Burundi mwaka 1972, wakakimbia tena 1993, wakakimbia tena 2015. Wapo wazee waliovuka mpaka huu mara zaidi ya moja. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na wapo vijana wa rika langu waliozaliwa humo. Ukiwaambia hao kwamba ni mfinyanzi amewavunja, umewasaidia wenye bunduki. Wenye bunduki wana majina, vyeo, na wengine wana pensheni.

Kama kuna udongo uliosema ndani ya Biblia, ni Ayubu. Mnakumbuka alikuwa amekaa majivuni anajikuna majipu kwa nini? Kwa kigae! Nilipoliona hilo nilipiga meza. Katika sura ya 10 anamkumbusha Mungu waziwazi: wewe ulinifinyanga kama udongo, mbona sasa unanirudisha mavumbini? Sitiari ile ile, ila sasa iko mdomoni mwa udongo. Marafiki zake wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri, maneno ambayo leo yangefaa sana kwenye mazishi. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale marafiki na kusema aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu. Na Yeremia mwenyewe, huyu wa mfinyanzi, sura ya 20 anamwambia Mungu kwamba amemhadaa, na anailaani siku aliyozaliwa. Yaani nabii wa udongo hakuukubali ukimya huu tunaofundishwa kwa jina lake.

Nirudi kwetu wana kalamu, maana niliahidi ugomvi. Katika hadithi ambazo tumesomeana miezi hii kwenye mikutano yetu, nimehesabu nne ambazo msichana anakufa na hadithi inafungwa kwa maneno kwamba kazi ya Mola haina makosa. Moja ni yangu, kwa hiyo msinirukie. Yule msichana alikufa kwa sababu mwandishi alichoka. Ndiyo ukweli. Tulikuwa hatujui tumfanye nini, tukamsukumia Mungu. Ni ufinyanzi wa haraka, haukukaushwa kivulini. Hayati Kezilahabi aliyepitia seminari hakufanya hivyo. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, ambayo ilipigwa marufuku shuleni, Rosa anapokufa kesi ndipo inapoanza: yeye na baba yake Zakaria wanafikishwa mbele ya Mungu, na aliyelea vibaya anaulizwa alivyolea. Unaweza kuikosoa sehemu hiyo kwa fani, mimi naiona inakwenda mbio. Lakini Kezilahabi alikataa kuifunikia maiti kwa methali.

Wapo watakaosema nimekufuru. Mchungaji mmoja niliyempa rasimu ya makala hii hapa Kasulu aliisoma yote, akaniambia kitu kimoja tu: kwamba mfiwa wakati mwingine anahitaji ukimya, na kwamba yeye amezika watu wengi kuliko mimi. Sina jibu. Ni kweli kuna watu wanaopumzika ndani ya mfano ule, wanasema niko mkononi mwake, na wanalala usingizi. Bibi ni mmojawapo. Siwezi kumnyang'anya. Ila yeye akisema niko mkononi anajua mkono wenyewe ulivyo, na ufa unavyotafutwa kwa kidole gumba kabla chungu hakijakauka.

Nilipoondoka alinipa chungu kidogo cha maharage, kimefungwa kwa kanga. Kilifika Kasulu kizima. Mama mkubwa nilipitia kwake kabla ya kupanda basi, nikamwuliza siku ile kaburini alitaka kusema nini. Akanijibu alitaka kuuliza, mafuta yalikuwa shilingi ngapi.

Riwaya yangu sura ya saba ilikuwa na mazishi, na mhubiri alikuwa anamaliza, watu wanaitikia, wanarudi nyumbani kula. Nimeichana. Sasa nimefika mahali mhubiri bado anasema, na mama amekwisha kufungua mdomo.